Boti ya tanga ya zamani inavuja na hujui maji yanaingilia wapi: namna ya kuyasaka na kuyaziba

Wenzetu wa Dar na Tanga wana kitu kimoja ambacho sisi wa Kigoma hatuna. Mtu wa baharini akikuta maji chini ya boti anachovya kidole anaonja, yakiwa ya chumvi anajua yametoka chini, yakiwa matamu anajua ni mvua au ni tangi. Sisi huku Ziwa Tanganyika maji ya ziwa, maji ya mvua na maji ya tangi yote ladha moja, kwa hiyo ulimi haukusaidii kitu, inabidi utumie akili, muda na macho. Ndio maana nimeamua kuandika hii kitu yote kwa urefu, maana nimeona boti nzuri zinaozea majini pale Katonga na Bangwe kwa sababu mwenyewe kachoka kutafuta, kila akiziba hapa maji yanatokea pale, mwisho anaiacha.

Boti ninayoitunza ni ya faiba, futi 28, ya miaka ya 70, mlingoti mmoja, ina kabini yenye vitanda vinne, choo kidogo na injini ndogo ya dizeli. Ilikuja Kigoma juu ya lori kutoka Dar, na nyie mnajua safari ile, ikifika kila bolti imetikiswa. Nilipoipokea ilikuwa inaingiza kama lita 40 kwa wiki. Kuna fundi alishaletwa kabla yangu akapaka silikoni kila mahali, juu ya deki, kwenye madirisha, kwenye vyuma, mpaka kwenye ufa wa rangi tu, na maji yakaendelea kuingia kama kawaida. Sasa hiyo silikoni ndiyo iliyonisumbua kuliko hata maji yenyewe, nitaeleza huko mbele.

Kitu cha kwanza kushika: maji hayatokei ndani pale pale yalipoingilia nje. Yanaingia kwenye tundu la bolti kule juu, yanatambaa kati ya deki na dari, yanafuata waya wa umeme au ukingo wa kabati, yanashuka mita mbili mbele, ndipo unakuta godoro limelowa. Ukiziba pale palipolowa umeziba bure. Unayafuata maji kwa kupanda, kutoka chini kwenda juu, kutoka ndani kwenda nje, na unayaziba yanapoingilia.

HATUA YA KWANZA: kausha kila kitu

Usianze kutafuta tundu kwenye boti yenye maji. Toa magodoro, toa mbao za sakafu, toa nanga ya akiba, kamba, majaketi, masufuria, kila kitu kitoke ufukweni kwenye jua. Halafu chota maji ya ngama, yaani kule chini kabisa yanakojikusanyia, kwa jagi, jagi likishindwa tumia sponji, sponji ikishindwa tumia tambara, mpaka ukipitisha kiganja kinatoka kikavu. Andika umetoa lita ngapi, hiyo namba utaihitaji.

Hapa wengi wanakosea, wanakausha katikati tu. Boti ya zamani ina vyumba vyumba huko chini, kila taruma, yaani ubavu wa ndani wa boti, linakata sakafu na limetobolewa kitundu kidogo cha kupitisha maji kwenda kwenye pampu. Vitundu hivyo vinaziba kwa nywele, vumbi la mbao, magamba ya rangi, na maji yanabaki yamesimama nyuma yake miezi. Unakausha leo, kesho boti inayumba kidogo yale maji ya zamani yanamwagika, unadhani ni tundu jipya. Chukua waya mgumu uzibue kimoja kimoja. Mimi nilizibua cha chini ya kitanda cha mbele yakatoka maji meusi yenye harufu ya matope, lita kama tano hivi, na siku hiyo hakuna aliyekuwa ameigusa boti.

Ikikauka, nunua poda ya watoto ya bei ya chini au saga chaki ya ubao, nyunyizia nyembamba ngamani na kwenye kuta za ndani chini ya madirisha. Tone moja tu likipita linachora njia yake, unaiona kabisa kama njia ya konokono. Sehemu za juu usizoziona vizuri bandika tishu kwa tepu ya karatasi, tishu ikilowa hata ikikauka baadaye inabaki na mikunjo, haidanganyi.

HATUA YA PILI: uliza maji yanaingia LINI

Hili ndilo mbadala wa ulimi wetu, na kama huna muda wa kusoma mwongozo wote soma hapa tu. Gawanya hali nne, jaribu moja moja, kila moja siku yake, na uandike kwenye daftari.

Kwanza boti ikiwa imetulia tu kwenye nanga, injini imezimwa, valvu zote zimefungwa, hakuna mvua. Iache usiku mmoja, asubuhi uangalie. Lakini usizime pampu ya otomatiki ukaenda kulala nyumbani kama hujajua kasi ya maji, ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu na hata hapo kwenye ghuba boti ikizama kuitoa ni kazi nyingine kabisa, kwa hiyo usiku wa kwanza lala ndani au mwachie mtu mwaminifu. Maji yakiingia katika hali hii yanatoka chini: valvu, shafti ya pangaboi, mkuku (ule uti wa chini kabisa wa boti), au ni tangi lako mwenyewe.

Pili washa injini nusu saa, iwe imeingia gia, boti bado imefungwa. Maji yakija sasa tu, tatizo ni pakingi ya shafti, pampu ya maji ya kupozea injini au hosi ya ekzosi. Tatu toka na tanga, ilaze boti upande mmoja saa nzima, halafu geuza upande wa pili. Ikivuja ikilalia kushoto tu, tafuta kushoto, pale deki inapokutana na ubavu au vyuma vya waya za mlingoti. Nne, mvua au maji ya kumwagia.

Na sisi Kigoma kuna neema hapa. Kuanzia Juni mpaka Septemba mvua karibu hakuna, kwa hiyo kiangazi chote ukikuta maji ndani huna haja ya kulaumu deki labda kama mawimbi ya upepo wa kusini yalipanda juu. Tumia kiangazi kumaliza vya chini, halafu deki uishughulikie kabla ya mvua za Novemba. Ukianza kutafuta mwezi wa kwanza mvua inanyesha kila siku utachanganyikiwa tu. Jambo jingine, usiku kabini iliyofungwa inatoa jasho, ukikuta vitone vidogo vidogo vimeenea dari nzima sawasawa hilo si tundu, ni pumzi za watu waliolala, fungua hewa ipite.

HATUA YA TATU: vya chini ya maji

Valvu zote zilizotoboa boti, ya choo, ya sinki, ya injini, shika moja moja kwa mkono mkavu, zungushia tishu, acha saa moja. Angalia na hosi zake, hosi ya zamani inapasuka pale pale chini ya klampu, kila hosi iliyo chini ya usawa wa maji iwe na klampu mbili za chuma kisichoshika kutu. Kama valvu ni ya shaba ya bomba la nyumbani na ukiikwaruza inaonyesha rangi ya waridi badala ya manjano, imekufa hiyo, ubadilishe boti ikiwa nchi kavu. Kwenye kila valvu funga kwa kamba kizibo cha mti laini kilichochongwa kama karoti, siku valvu ikikatika unakigongomea tu. Usithubutu kufungua valvu boti ikiwa majini bila hicho kizibo mkononi.

Valvu ngumu usiilazimishe kwa spana ndefu, ipake grisi, ifungue na kuifunga taratibu kila mwezi. Grisi watu wanaidharau. Meli ya Liemba hiyo hiyo tunayoiona hapa, Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 kwenye mlango wa Malagarasi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza, ikakaa chini ya maji miaka, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Grisi ya miaka chini ya ziwa, wewe valvu yako unaiacha kavu mwaka mzima!

Shafti ya pangaboi. Pale inapotoka nje kuna kikombe chenye nati kubwa na ndani kuna pakingi, kamba yenye mafuta iliyosokotwa mraba. Hii ya aina ya zamani INATAKIWA kudondosha kidogo shafti ikizunguka, tone mbili tatu kwa dakika, ndiyo inayoipoza, na ikisimama idondoshe kidogo sana au isidondoshe kabisa. Kama inatiririka, legeza nati ya kufungia, kaza ile kubwa robo mzunguko au pungufu, washa, hesabu matone, gusa kikombe (usiguse shafti inayozunguka). Kikiwa cha moto umekaza sana, rudisha. Ukikaza na haisikii, pakingi imekwisha: toa yote ya zamani kwa kulabu ndogo, kata vipande vipya vya duara moja moja kwa kukata mshazari, na miungano yake isikae mstari mmoja, mmoja juu, mwingine upande, mwingine chini. Hii ilikuwa theluthi ya maji yangu yote. Kazi ya asubuhi moja.

Bomba la usukani linasahaulika kwa sababu tundu lake liko juu kidogo ya maji, boti ikitembea kwa injini nyuma inazama ndipo maji yanapanda. Na mkuku: ukiona ufa pale mkuku wa chuma unapokutana na boti, au bolti zake ndani zinatoa maji ya kutu mekundu, usiende tena na tanga mpaka boti ipandishwe na bolti ziangaliwe. Boti yenye mkuku mrefu usiiburute ufukweni kwa magogo kama mtumbwi, italala ubavu na kupasuka, itafutie selipu, yaani mteremko wa kupandishia boti, na viegemeo vya pande zote.

Tangi ni rahisi. Jaza, tia rangi ya chakula nyekundu matone kadhaa, subiri siku mbili. Ngamani kukiwa na wekundu umepata jibu.

HATUA YA NNE: deki, hapa ndipo penye kazi

Kumwagia maji kunahitaji watu wawili, mmoja nje mmoja ndani na tochi. Usitumie presha, presha inasukuma maji hata mahali ambapo mvua haifiki. Tukiwa kwenye nanga hatuna bomba, tulitumia ndoo ya maji ya ziwa na jagi. Anza CHINI, ukingo wa deki, mwagia sehemu moja tu kama dakika kumi, ndipo upande juu kidogo, kisha juu tena. Ukianzia juu maji yanateremka kwenye kila kitu na hutajua ni kipi kilichoingiza.

Kwangu godoro la kushoto mbele ndilo lililokuwa linalowa siku zote, juu yake kuna dirisha, na kila mtu aliyeingia humo alilaumu dirisha. Tulimwagia dirisha dakika kumi, kavu. Nguzo za kamba za pembeni, kavu. Nikahamia kwenye kile chuma bapa kinachotoboa deki kushikilia waya za mlingoti, mita mbili nyuma ya kitanda. Dakika ya sita dogo akapiga kelele ndani:

"Kaka, linakuja! Linatembea!"

"Linatembea wapi?"

"Juu ya waya wa taa! Linaelekea mbele!"

Nikaingia. Tone lilikuwa limetoka nyuma ya ubao wa dari pale kwenye chuma, likakaa juu ya waya mweusi wa taa, linasogea taratibu kama siafu juu ya kamba, likafika kwenye kona ambapo waya unapinda, likanenepa, likadondoka godoroni. Waya ule ulikuwa umeyaleta maji pale miaka yote.

Hivyo vyuma ndivyo vya kwanza kushuku kwenye boti yoyote ya tanga iliyozeeka, kwa sababu kila tanga likivuta, chuma kinacheza kidogo na gundi inaachia. Baada ya hapo shuku nguzo za pembeni, ambazo watu wanazishika wakipanda na kuzitikisa, halafu reli, halafu miguu ya mlingoti. Mlingoti unaotoboa deki unaingiza mvua hata ndani yake, kupitia matundu ya kamba kule juu. Mifuniko ya juu ijaribu kwa chaki: paka chaki ukingo wote, funga, fungua, pale ambapo raba haikushika chaki ndipo panapovuja.

Kabla hujafungua bolti, gonga deki kuizunguka kwa mpini wa bisibisi. Deki nyingi za faiba ndani yake zina mbao nyepesi au plaiwudi katikati ya ngozi mbili. Palipo pazima panalia ti ti ti, kavu. Palipooza panalia bu bu, kizito. Chora mpaka wake kwa penseli, na hizo bu bu zikiwa kubwa kama sahani usizifunike, mbao imeoza humo ndani na kuoza hakusimami. Maji yetu haya matamu yanaozesha mbao haraka kuliko ya chumvi, hilo lijue.

HATUA YA TANO: kuziba

Toa chote kile kifaa kinachovuja. Sio kupaka pembeni yake, KITOE. Bolti mtu mmoja azuie juu, mwingine afungue nati kwa chini. Kwangua gundi ya zamani yote, na hapa ndipo silikoni ya yule fundi ilipoonyesha ubaya wake: silikoni inaacha utando usioonekana, hakuna gundi nyingine wala rangi inayoshika juu yake, nilikwangua kwa kisu na msasa siku mbili kwenye eneo la deki lisilozidi mkeka mdogo. Sisemi silikoni haina mahali, kwenye madirisha ya plastiki ngumu inafaa, maana gundi nyingine kali zinaweza kuila ile plastiki, lakini kwenye vyuma vya deki usiiweke.

Tundu likishabaki wazi, lichunguze kwa msumari uliopindwa. Ukitoa unga mweusi wenye unyevu, chokoa mpaka ufike kwenye mbao nyeupe ngumu, halafu liache likauke. Siku nne, wiki, funika na turubai usiku, weka feni kama una umeme. Usiharakishe, ukifungia unyevu ndani umefungia ugonjwa. Likishakauka bandika tepu kwa chini, jaza epoksi (gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu) iliyotiwa unga wa kuifanya nzito, acha igande, ndipo utoboe tundu jipya la bolti katikati ya ile epoksi. Hata gundi ikiachia siku nyingine maji yatakutana na epoksi, hayataigusa mbao.

Epoksi kwa joto letu changanya kidogo kidogo, asubuhi mapema, kwenye chombo kipana. Nilishaona mtu kachanganya nusu lita kwenye kopo refu saa saba mchana, kopo likaanza kutoa moshi na likawa jiwe hajapaka hata tundu moja. Vaa glavu, fuata kipimo cha hadina, ile dawa ya kugandishia, kama kilivyoandikwa, kuongeza hadina hakuifanyi igande vizuri, inaiharibu.

Kurudisha kifaa: panua mdomo wa tundu kwa juu kidogo, kama bakuli dogo, ili gundi ijikusanye pale kuizunguka bolti kama pete. Futa kwa spiriti, weka tepu ya karatasi pembeni, paka gundi ya Sikaflex ya kutosha chini ya kifaa na kuizunguka shingo ya bolti, kaza mpaka gundi ichungulie pande zote halafu SIMAMA. Usikaze mpaka mwisho, utaikamua yote itoke nje ubaki na chuma juu ya faiba. Iache igande kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, ndipo ukaze robo ya mwisho, kwa kuzungusha nati ya chini tu na sio bolti, maana ukizungusha bolti unaivunja ile pete. Chini weka washa pana au bamba la chuma, sio washa ndogo ya baiskeli. Ukikosa tyubu kwenye maduka ya Mwanga hapa Kigoma agiza Dar ije na basi, na angalia tarehe yake, ikipitwa haigandi.

Kwa wenye boti za mbao

Mambo ya deki ni yale yale, ila chini kuna kalafati, yaani pamba inayogongwa kwenye mishono ya mbao. Boti ya mbao ikikaa juani nchi kavu wiki kadhaa mbao zinasinyaa, ukiishusha itavuja hata siku mbili mpaka mbao zivimbe zenyewe, usiogope, kaa nayo na pampu. Kosa kubwa ni kujaza nyufa hizo kwa kitu kigumu zikiwa kavu, saruji au epoksi, mbao zikivimba hazina pa kwenda, zinasukuma misumari na kuvunja mataruma. Pamba igongwe kiasi, si kwa hasira, na juu yake puti laini inayokubali kusogea. Ukiona mshono mmoja unatema pamba kila mwaka, tatizo si pamba, ni taruma limeachia au msumari umeliwa na kutu nyuma yake.

Baada ya kazi

Rudisha poda, rudisha tishu, rudia zile hali nne na daftari lile lile. Mimi nilimaliza Oktoba, mvua kubwa ya kwanza ikapiga usiku, asubuhi nikapiga kasia mpaka kwenye boti nikiwa na tochi mfukoni. Chini ya vile vyuma tishu zote zilikuwa nyororo. Godoro kavu. Ngamani kulikuwa na maji ya kujaza kikombe cha chai, na njia yake kwenye poda ilitoka kona ya nyuma ya mfuniko wa mbele, pale raba ilipounganishwa. Raba nyingine imeshapimwa, mita moja na sentimita themanini, inakuja na basi.